Siri ya Kufuli: Kutoka Unguja hadi Songea

Katika Kiswahili, kufunga na kufungua ni watoto wa tumbo moja. Herufi moja tu huingia karibu na mwisho wa neno, na kilichokuwa kimefumbwa huwa wazi. Katika mzizi huo wamezaliwa mfungwa na kifungo, ufunguo na ufunguzi. Watu wa mwambao wamekwenda mbali zaidi, wakaupa mzizi huo hata kalenda yao: Ramadhani ikisha huja Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, na hesabu huendelea hadi Mfunguo Tisa, ndipo Rajabu iingie. Mwaka wa Mswahili, basi, kwa sehemu kubwa ni hesabu ya kufunguliwa.

Kufuli lenyewe, hata hivyo, si mzaliwa wa nyumba hiyo. Neno limetoka katika Kiarabu, nalo lilifika pamoja na kitu chenyewe, kwa jahazi. Kabla yake mlango ulikuwa na komeo na pingo la mti. Ufundi wa chuma na shaba ulipostawi mijini, mlango wa Unguja ukapata mfaa wake katikati, riza, tumbuu, na kufuli la kuning'inia mbele ya macho ya wapita njia. Kufuli hilo lilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuzuia. Ya pili ilikuwa kusema. Lilisema kwamba ndani mna mali, mwenye mali yupo, na asiye na ufunguo hapiti.

Neno hilo la kufuli ni la kweli? Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kufuli nalo lina kata zake mbili. Moja ni ufunguo, ambao huijua siri kwa kupewa. Nyingine ni chombo kidogo cha chuma, chembamba, kilichopinda ncha, ambacho huijua siri kwa kuitafuta. Chombo hiki watu hukitaja kwa sauti ya chini. Polisi na magazeti hukichanganya na funguo bandia. Mitaani huwekwa kundi moja na ule ufunguo uendao kila mlango, unaoitwa ufunguo malaya. Lakini chombo hiki kina historia yake, kina waliokibuni, na siku hizi kina viwanda na chapa za biashara. Historia hiyo imepita London na New York, imegusa Unguja, na ina la kusema hata katika mji wa Songea, ambao hauna bahari wala bandari. Swali lake ni moja kila mahali: ni nani mwenye haki ya kulijaribu neno la kufuli?

Songea ni makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, katika nyanda za kusini mwa Tanzania. Magharibi yake liko Ziwa Nyasa. Mashariki, mamia ya kilomita, iko Kilwa Kivinje. Katika karne ya kumi na tisa nchi hiyo ilikuwa katikati ya njia ya misafara iliyochukua pembe na watu kutoka ziwani na kuwapeleka pwani. Wangoni, waliofika huko kutoka kusini wakiwa taifa la vita, waliteka watu wa makabila jirani. Wengi wa mateka waliwafanya kuwa Wangoni. Wengine waliwauza kwa wafanyabiashara wa pwani. Kikole, katika nchi ya Mbinga, palikuwa na kituo cha biashara hiyo, na jina la Rashid bin Masoud linakumbukwa hapo hadi leo. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda amepachimba na kuandika habari zake. Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kuambiwa njia hiyo iliishia wapi. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa saini na Sayyid Barghash, na kufunga huko kulikuwa kufungua.

Katika njia hiyo chuma kilifunga watu kabla hakijafunga milango. Mwanamume aliyetekwa alitiwa kongwa: mti mzito wenye panda, shingo ikaingizwa katika panda, na fimbo ya chuma ikapitishwa mbele ya koo. Ncha mbili za fimbo hiyo zilipondwa kwa nyundo hadi zikawa bapa. Msomaji aangalie vizuri jambo hili. Kongwa halikuwa na tundu la ufunguo. Aliyelitengeneza hakukusudia lifunguliwe njiani. Hakumpa hata mwenye msafara njia ya kubadili nia. Kufuli, hata likiwa kali namna gani, hukiri kwamba iko siku litafunguliwa. Kongwa halikukiri.

Mwezi Julai mwaka 1861, katika kijiji cha Mbame, kwenye milima ya Shire kusini mwa Ziwa Nyasa, katika nchi ambayo leo ni Malawi, David Livingstone na Askofu Charles Mackenzie walikutana na msafara wa namna hiyo. Walinzi walikimbia. Kamba za wanawake na watoto zilikatwa kwa visu. Makongwa ya wanaume hayakukubali kisu. Kwa bahati, katika mizigo ya Askofu mlikuwa na msumeno, na kwa msumeno huo wanaume walikatwa minyororo ya miti mmoja baada ya mmoja. Watu 84 waliachiliwa siku hiyo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1866, Livingstone alipanda kwa miguu bonde la Mto Ruvuma wenyewe, akakuta miili ya walioshindwa kuendelea na safari, mmoja wao akiwa amefungwa shingo kwenye mti. Hapo msumeno ulikuwa umechelewa. Kwa hiyo katika habari zilizoandikwa za njia za Nyasa na Ruvuma, chombo cha kufungulia bila ufunguo kinachokumbukwa ni kifaa cha seremala, kisicho na chapa wala sifa ya kiwanda.

Katika miaka hiyohiyo, katika nchi aliyotoka Livingstone, kufuli lilikuwa limekuwa jambo la fahari ya taifa. Mwaka 1784 fundi Joseph Bramah alipewa hataza ya kufuli jipya lililofunguliwa kwa ufunguo wa mrija. Miaka michache baadaye kufuli la Bramah liliwekwa katika dirisha la duka lake mtaa wa Piccadilly, London, pamoja na tangazo. Tangazo hilo linastahili kuzingatiwa na kila apendaye maneno. Halikuahidi zawadi kwa atakayeiba, wala kwa atakayevunja. Liliahidi gini 200 kwa fundi atakayetengeneza chombo cha kulifungua. Yaani Bramah mwenyewe, mtengeneza kufuli, ndiye aliyewaita hadharani watengenezaji wa vyombo vya kufungulia waje wamshinde. Kufuli lilikaa dirishani zaidi ya nusu karne, na hakuna aliyelishinda.

Mpinzani wake katika soko alikuwa Jeremiah Chubb wa Portsmouth, aliyepata hataza yake mwaka 1818 baada ya wizi uliotokea katika ghala la serikali la bandari hiyo. Kufuli la Chubb lilikuwa na nyenzo kadhaa ndani, na juu ya hizo kitanzi cha springi. Mtu asiye na ufunguo halali akiinua wenzo kupita kiasi, springi ile iliunasa, na kufuli likagoma. Mwenye mali akija na ufunguo wake alijua mara moja kwamba mkono wa mtu umepita. Hilo lilikuwa kufuli lenye kumbukumbu. Husimuliwa kwamba mfungwa mmoja katika meli za magereza za Portsmouth, ambaye kazi yake ya zamani ilikuwa kutengeneza makufuli, aliahidiwa msamaha na serikali na pauni 100 na Chubb, iwapo ataweza kulifungua. Alipewa vyombo, akapewa nafasi, akafanya kazi miezi miwili mitatu, kisha akakata tamaa. Katika hadithi nzima ya ufundi huu hakuna mtu aliyeshika chombo cha kufungulia kwa haja kubwa kuliko huyu: kufuli lililokuwa mkononi mwake ndilo lililokuwa mlango wa gereza lake. Jina lake halikuhifadhiwa. Jina la Chubb limo katika kila kitabu.

Mwaka 1851 Uingereza ilifanya maonyesho makubwa ya mataifa katika jumba la vioo, Hyde Park. Miongoni mwa Wamarekani waliofika alikuwamo Alfred Charles Hobbs, mzaliwa wa Boston, aliyeletwa na kampuni ya Day & Newell ya New York kuuza kufuli lao. Hobbs alikuwa na njia yake ya kuuza: kwanza aliyafungua makufuli ya wenzake. Mwezi Julai, mbele ya mashahidi katika nyumba moja ya Westminster, alilifungua kufuli la Chubb kwa dakika 25, kisha akalifunga tena bila kuacha dalili. Halafu akaiendea changamoto ya Piccadilly. Kazi hiyo ilimchukua saa 51, zilizogawanyika katika siku 16, akitumia vyombo alivyovitengeneza kwa ajili ya kufuli lile peke yake. Waamuzi walikubali, na gini 200 zikalipwa.

Mshituko ulikuwa mkubwa. Wako waliosema Hobbs amewafundisha wezi. Jibu lililotolewa na upande wake, na kuandikwa katika kitabu cha mwaka 1853 kilichohaririwa na Charles Tomlinson, lilikuwa kwamba wezi wanaijua kazi yao kuliko watu wema wanavyodhani. Kinachofichwa kwa kunyamaza ni udhaifu wa kufuli kwa mwenye mali, si kwa mwizi. Hoja hiyo haijazeeka. Wanaoshughulika na usalama wa kompyuta na mitandao ya simu hubishana juu yake hadi leo, karibu kwa hoja zilezile. Aliyeshinda wengine naye alishindwa: haukupita muda mrefu, Mmarekani mwingine, Linus Yale mdogo, akalifungua kufuli la Day & Newell lililomleta Hobbs London.

Yale ndiye aliyelipa kufuli umbo ambalo wengi wanalo mfukoni. Katika hataza za mwaka 1861 na 1865 alichukua wazo la kale, lililojulikana katika makomeo ya mti ya Misri ya mafirauni, akalifanya dogo na la chuma. Ndani ya silinda mna pini, kila moja imekatika vipande viwili na kusukumwa na springi. Ufunguo wenye meno sawasawa huinua kila pini kwa kadiri yake, mikato yote ikalingana mstari mmoja, silinda ikazunguka. Yale alifariki mwaka 1868, mwaka ambao kampuni yake ilianzishwa mjini Stamford, Connecticut.

Lakini hakuna mkono wa binadamu, wala mashine, uwezao kutoboa matundu matano yakawa sawa kabisa. Silinda ikisukumwa kidogo, pini moja hukaza kabla ya nyingine. Hiyo ikiinuliwa ikatulia, hufuata ya pili, kisha ya tatu. Kosa dogo la fundi, dogo kuliko unywele, ndilo mlango wa mwenye kuchokonoa. Ufundi wote wa vyombo vya kufungulia umejengwa juu ya ukweli huu mmoja, kwamba kila kazi ya mikono ina upungufu wake, na mwenye subira huufikia kwa ncha ya kidole.

Vyombo hivyo awali kila fundi alijitengenezea. Katika karne ya ishirini vilianza kuuzwa katika vifuko vya ngozi vyenye jina la kiwanda. Nchini Marekani zilijulikana HPC, SouthOrd na Peterson; Ujerumani kuna Wendt na Multipick; Canada kuna Sparrows; China imeleta majina kama Goso na Klom, kwa bei ya mtu wa kawaida. Wanunuzi ni mafundi wa makufuli, polisi, na kundi jipya la watu wafunguao kwa mchezo tu. Mwaka 1997 wapenzi wa mchezo huo nchini Ujerumani waliunda chama chao, na vyama vya namna hiyo vimeenea nchi nyingine. Kanuni yao haiandikwi na serikali: mtu hafungui kufuli lisilo lake ila kwa ruhusa ya mwenyewe, wala hachezei kufuli linalotumika. Kanuni hiyo ndiyo inayotenga mchezo na uhalifu, kwa kuwa chombo ni kilekile.

Katika orodha ya watu waliojenga biashara ya makufuli yumo mmoja ambaye Unguja ilimbadilisha maisha. Mwaka 1894 wakili kijana wa Kiparsi kutoka Bombay, Ardeshir Godrej, alitumwa Zanzibar kusimamia kesi. Kesi ilipoendelea aliona kwamba ili ashinde itambidi aseme jambo ambalo hakuweza kuthibitisha kuwa ni kweli. Alikataa. Wateja walimsihi, naye akashikilia, na mwisho akarudi Bombay akiwa ameiacha sheria moja kwa moja. Akaanza kutengeneza vyombo vya waganga wa upasuaji. Aliyeagiza vyombo aliridhika navyo, ila hakutaka viandikwe kwamba vimetengenezwa India, akihofu havitanunuliwa. Godrej alikataa kwa mara ya pili: kitu kibebe jina la mahali kilipotoka, au kisiuzwe. Biashara hiyo ikafa. Mwaka 1897, katika banda dogo mjini Bombay, kwa mtaji wa kukopa, akaanza kutengeneza makufuli. Kampuni iliyozaliwa katika banda hilo imekuwa miongoni mwa zile kubwa kabisa za India.

Kisa hiki kinafaa kukumbukwa visiwani, kwa sababu kinaonyesha chapa ni nini hasa. Wengi huidhani kuwa pambo la biashara. Kwa Godrej ilikuwa ushahidi: alama juu ya chuma isemayo nani amekitengeneza na wapi, ili kikiongopa, ajulikane wa kuulizwa. Mtu aliyeshindwa kutamka uongo mbele ya hakimu wa Zanzibar aliona afadhali aseme kweli kwa kufuli.

Mwaka huohuo wa 1897, Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi katika nchi ya Wangoni, karibu na makao ya nduna Songea Mbano, na kituo kikachukua jina lake. Hivyo ndivyo mji ulivyozaliwa, kwa boma. Mwaka uliofuata ikaja kodi ya nyumba. Nchi iliyokuwa na njia ya makongwa sasa ikawa na korokoro, yaani mlango wa chuma wenye ufunguo, na ufunguo ukawa kiunoni mwa askari. Watawala wangeweza kusema hiyo ni hatua mbele, kwa kuwa kufuli la gereza, tofauti na kongwa, lina tundu. Lakini tundu lina faida gani kwa aliye ndani, ikiwa hakuna anayeruhusiwa kulijaribu neno la mwenye ufunguo?

Vita vya Majimaji vilipoingia Ungoni mwaka 1905, Wangoni walisimama, wakapigwa. Viongozi walikamatwa, wakafungwa, wakahukumiwa na watu walewale waliokuwa wakipigana nao. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa Songea. Mashujaa 67 ndio wanaokumbukwa, akiwamo Nkosi Mputa Gama. Songea Mbano naye aliuawa, na kumbukumbu ya watu wake inasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mahali hapo, Mahenge mjini Songea, Mwalimu Julius Nyerere alifungua Makumbusho ya Majimaji mwaka 1980.

Kichwa hicho kiliingia wapi? Katika miaka ya ukoloni makumbusho na hospitali za Ujerumani zilikusanya mafuvu ya Waafrika kwa maelfu, zikayaandika namba, zikayatia katika makabati. Watu wa Songea hawakukosa madai. Walikosa ufunguo wa ghala. Kwa zaidi ya karne moja walioshika funguo walikuwa Berlin, na neno lao, kwamba hakuna kinachojulikana, halikuwa na wa kulijaribu. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Prussia iliyopo Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, na kwa njia ya vinasaba ndugu walio hai walipatikana kwa machache sana miongoni mwao, katika Tanzania. Tarehe 1 Novemba mwaka huo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha, akaahidi kwamba juhudi za kulitafuta fuvu zitafanywa. Siku alipofika lilikuwa bado halijatambuliwa. Mwaka 1851 wenye makufuli walikasirika Hobbs alipoingiza chuma chake tunduni, na baadaye wakamshukuru, maana baada yake makufuli yalikuwa bora. Wanaouliza juu ya mafuvu nao walionekana wasumbufu kwa muda mrefu. Nao ni mashahidi wa namna ileile: wanajaribu kama kabati linasema kweli.

Upande mwingine wa historia ya chuma katika nchi hiyo ni wa wafuaji wake. Kaskazini-magharibi ya Songea iko nchi ya Wapangwa, waliokuwa wakiyeyusha madini ya chuma na kufua majembe na mikuki; chuma cha Liganga kimo katika nchi hiyo, na serikali baada ya serikali zimekipangia mipango. Majembe ya Wapangwa yalisafiri mbali, yakawa mali na mahari. Jembe la kiwanda cha Ulaya lilipokuja kwa bei rahisi, matanuri yalipoa moja baada ya jingine. Baadaye ufundi wa namna nyingine uliingia kwa mlango wa misheni: Wabenediktini wa Peramiho, kilomita zipatazo 24 kutoka Songea, waliofika mwaka 1898, walijenga karakana ambamo vijana wa Kingoni na wa makabila jirani walijifunza kazi ya chuma na mbao. Wafuaji wale wa kale hawakupiga chapa juu ya kazi zao. Jembe lilijulikana kwa mkono uliolifua, na mkono ulijulikana kijijini. Walipokufa, jina likafa nao.

Fundi funguo wa miji ya Tanzania, Songea ukiwamo, ni mrithi wao kwa namna fulani, ajue asijue. Hukaa kando ya njia chini ya mwavuli, na ubao wenye funguo tupu zilizotundikwa, na tupa, na jiliwa dogo. Makufuli yanayomfikia ni ya dunia nzima: Union, jina lililotoka kwa wafua makufuli wa Willenhall, Uingereza, Yale, Viro ya Italia, Solex ya Thailand, Tri-Circle ya China, yenye duara tatu. Vyombo anavyoyafungulia havina jina lolote. Ni kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa, ubavu wa mwavuli, spoki ya baiskeli iliyopindwa kwa koleo. Kifuko cha ngozi cha kiwanda hajakiona, wala hakihitaji sana. Hobbs naye alijitengenezea vyake.

Tofauti iko kwingine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hulifanya kosa la jinai kukutwa usiku na vyombo vya kuvunjia nyumba bila sababu halali. Sheria hiyo ni ya lazima, kwa kuwa mwizi yupo. Lakini sababu halali huthibitishwaje? Mwenye kifuko cha Multipick ana risiti, ana jina la kiwanda, pengine ana kadi ya chama. Mwenye spoki ana heshima yake tu. Mama aliyefungiwa nje ya chumba cha kupanga, watoto wakiwa ndani, humwita fundi kwa sababu jirani amesema, "Huyo ni mtu mwema." Neno hilo la jirani ndilo chapa ya fundi. Likichafuka, hakuna kiwanda cha kumtetea.

Hapo Songea na Unguja zinakutana na lile banda la Bombay. Godrej alitaka jina la mahali lipigwe juu ya chuma ili chuma kiwe na wa kuulizwa. Fundi wa Songea huulizwa yeye mwenyewe, kila siku, uso kwa uso, na hujibu kwa kazi. Miji yetu ingemtendea haki kama ingemwandika: jina lake, mwalimu wake, karakana aliyojifunzia, vyombo alivyobuni. Wafuaji wa Upangwa hawakuandikwa, na leo mwenye kutaka kujua majina yao hana mlango wa kubisha. Mfungwa wa Portsmouth hakuandikwa, wala seremala aliyetengeneza ule msumeno uliookoa shingo kule Mbame.

Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika Songea, Mahenge, na milango ya makumbusho huwa wazi. Majina ya walionyongwa husomwa. Yanasomwa kwa sababu yaliandikwa, na yaliandikwa hata na waliowaua. Kilichobaki kufungwa kiko mbali, ndani ya makabati yenye makufuli mazuri, ya chapa zijulikanazo. Ufunguo wake ungalipo, nao hauna haja ya kuchokonolewa na mtu: unahitaji walioushika wauzungushe.